Anayepita Hutumwa

Enzi zetu pale Kariakoo, njia fupi kuliko zote ilipita ndani ya nyumba ya Bi Salma. Nyumba za wakati ule zilikuwa na korido katikati, kutoka barazani mpaka uani, na mlango wa uani ulitokea uchochoroni. Kuzunguka mtaa mzima tuliwaachia wageni. Sisi tulipiga hodi, tukatoa shikamoo miguu haijasimama, tukakatiza kwenye harufu ya udi na bajia.

Ila bure haikuwepo. "Anayepita hutumwa," Bi Salma alikuwa akisema, na kazi haikukosekana: chumvi dukani, mkaa, au sahani ya mhogo wa nazi umpelekee mama yako. Mama yangu, Mchaga aliyeshuka kutoka Marangu kuja kuuza vitenge, hakuwa na ndugu mjini. Undugu aliupatia kwenye korido ile. Na sahani ya watu hakuirudisha tupu hata siku moja.

Leo nyumba ya Bi Salma ni ghorofa la maduka, na uchochoro umejaa marobota. Sisi tumehamia Chanika, ambako kila mtu alijenga alivyoona, njia zikabaki zitakavyobaki. Wanangu huongozwa na simu. Inawaambia wageuke kushoto, wanageuka, wanakutana na ukuta, kisha wanaigombeza simu. Kumuuliza mtu njia wanaona aibu, maskini.

Mwaka huu jirani yetu Frank, kijana mpole, alianza kuzungushia ukuta kiwanja chake. Nyuma ya kiwanja hicho ndipo jumuiya ya Mama inaposali kila Jumamosi. Kuzunguka ni mwendo mrefu kwenye mchanga, na magoti ya Mama hayauwezi tena. Niliogopa kwelikweli. Bila jumuiya yake, Mama angebaki mfungwa wa sebule yangu.

Nilikuwa bado napanga maneno ya kwenda kuomba, Mama hakunisubiri. Alishika rozari yake, akaingia katikati ya matofali.

"Hodi!"

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Napita kwenda kusali. Unanituma nini?"

Frank aliduwaa. "Mama, mimi nikutume wewe?"

"Kwetu anayepita hutumwa. Usiponituma, nitapitaje?"

Kijana akacheka, akajikuna kichwa. "Basi, ukirudi niletee maandazi."

Akaletewa, ya moto. Jumamosi iliyofuata tena. Ukuta ulipopanda, fundi aliambiwa aache nafasi za milango miwili, huku na kule, na Mama anapita mpaka leo.

Korido ya Bi Salma naililia, sitaficha. Ghorofa lile halitashuka ili tupite. Lakini nami nimetoboa mlango kwenye ukuta wangu, upande wa barabara ya sokoni, na jana asubuhi nikasikia hodi uani. Alikuwa mke wa Frank, kikapu mkononi, anawahi sokoni.

"Shikamoo. Napita mara moja. Unanituma nini?"

Jikoni kwangu hapakupungua kitu. Nikamtuma chumvi.