Samaki Aliyefunga Kinywa

Mume wa dada yangu hununua mawe ya shaba kwa wachimbaji wa Kambove, na mambo yalipomnyookea alipatwa na ugonjwa wa waliotajirika ghafla: kutaka kitu ambacho jirani hana. Jirani alikuwa na mbwa wa kizungu. Yeye akaleta samaki wa bahari. Hapa Likasi, ambapo bahari tunaijua kwa makopo ya sardini!

Aliwaweka sebuleni, ndani ya sanduku la kioo: samaki wadogo, weupe kama fedha, wenye milia myeusi na mapezi marefu. Muuzaji wa Lubumbashi alimwambia kwamba wanaishi kwenye visiwa vichache tu vya Indonesia, na kwamba hata huko wanakwisha kwa kuvuliwa na kuuzwa. Mtu mwingine angeona haya. Shemeji alifurahi.

"Hii samaki inaisha ku dunia," alimwambia kila mgeni, akigonga kioo kwa pete. "Na miye niko nayo."

Aliyewalisha na kuwasafishia maji ni dada. Miezi michache kabla alikuwa amepoteza mimba, ya pili, na hakuwa na hamu ya kuongea na mtu. Siku moja aliniita mbele ya kioo. Samaki mmoja alikuwa amekataa kula, taya limevimba.

"Yaya, iko mugonjwa?" nikamuuliza; yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Hapana. Ule ni dume. Iko na batoto mu kinywa. Haiwezi kula mpaka batoke."

Tukachungulia. Kweli, ndani ya kinywa mlikuwa na vijicho. Dada alicheka, mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Baba anayefunga kula kwa ajili ya watoto! Nilimfikiria shemeji, ambaye wiki ile mkewe alipotoka hospitali akilia hakukosa sahani yake ya bukari, ugali wetu, hata siku moja, na bado alilalamika kwamba mboga ya sombe haina chumvi.

Yeye aliona samaki mgonjwa, basi. Na ugonjwa nyumbani kwake huletwa na jicho la jirani, hakuna sababu nyingine. Katika kanisa lao kila kitu kipya hupakwa mafuta ya maombi: gari, duka, hata friji. Samaki walikuwa wamesahaulika. Jumapili akaja na mchungaji wake, bwana mwenye koti la kumeta na sauti ya kutosha uwanja wa mpira.

"Papa, tafazali, musitie kintu mu mayi," dada alimwambia mumewe. "Ule iko na batoto."

"Weye unaogopa maombi?" mumewe akamjibu.

Mchungaji alimimina chupa nzima, maana tajiri habarikiwi kwa matone. Mafuta yakatanda juu ya maji. Wakaimba, wakala kuku, wakashiba.

Kufikia jioni samaki wote walikuwa juu, wakitweta. Yule dume ndiye aliyekaza kinywa muda mrefu kuliko wenzake. Mwishowe pumzi ilimshinda, akafungua, na watoto wakamwagika kwenye mafuta. Dada alijaribu kuwachota kwa kikombe. Hakupona hata mmoja. Nilitamani kumnywesha shemeji yale maji yote.

Yeye aliangalia sanduku, akatoa simu mfukoni.

"Usilie," alimwambia mkewe. "Tutapata ingine."

Dada alikuwa bado ameshika kikombe.

"Ni vile vile ulisemaka na kule ku hospitali," akajibu.