Toleo la Shule na Toleo Langu

Habari za kifo chake zilinikuta kwenye foleni ya maji hapa mtaani Kaloleni, mitungi yangu ikiwa bado mbali na mfereji. Mwenzetu mmoja wa kikundi cha kusoma alinipigia simu akanieleza kwamba yule ndugu wa Mghange, aliyekuwa akiuza simiti na misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Voi, ameugua kwa muda mfupi na ametutoka. Nililia palepale. Mama aliyekuwa nyuma yangu akawa ananisogezea mitungi ili nisipoteze nafasi. Na kwa kuwa mmenizoea, wasomaji wangu, niwaambie ukweli: hata nikilia, nilikuwa bado namwonea wivu. Nilikuwa nao kwa muda mrefu sana, na nadhani wivu wenyewe ulichelewa kupata habari za msiba.

Kikundi chetu hukutana Jumamosi mchana katika chumba cha nyuma cha saluni ya mwenyekiti wetu, dada mmoja asiyependa mchezo. Tunasoma kwa sauti, na tuna sheria moja: ukisoma ukurasa mzima bila mtu kucheka, unampa mwenzako nafasi. Mwaka jana tulichagua kitabu cha kejeli ambacho wengi wetu tulikutana nacho darasani, kinachomhusu chifu aliyetoza watu ushuru wa kivuli. Mwenye mti alilipa kwa kumiliki, asiye na mti alilipa kwa kuazima. Tatizo lilikuwa toleo. Kurasa zisipolingana wasikilizaji wanapotea, kwa hiyo ilibidi tuchague moja, na atakayelitetea toleo litakaloshinda ndiye angekuwa msomaji wa kwanza siku tutakayosoma mbele ya watu kwenye ukumbi wa mtaa. Nafasi hiyo niliitamani kuliko chakula. Tayari nilikuwa najiona nimetoka ukumbini moja kwa moja hadi redioni.

Mimi nilikuwa na toleo zima, nene, lililonunuliwa Mombasa kwa akiba yangu. Niliachia shule kidato cha pili, na kitabu kisichokatwa kitu kwangu kilikuwa kama shule niliyorudishiwa. Kilikuwa na ile sura ambayo toleo la shule limeiondoa, chifu anapolewa na kukitukana kivuli chake mwenyewe, tena kila ukurasa ulikuwa na maelezo ya chini. Ndugu yule wa Mghange yeye alileta toleo la shule: jembamba, limechoka, lina maswali kila mwisho wa sura. Nilisimama nikasema wazi kwamba hicho ni kitabu kilichohasiwa. Watu walicheka, nikajua nimeshinda. Kisha nikaanza kusoma sura yangu ya ulevi. Nilipofika kwenye tusi tamu kabisa nikasimama kueleza chanzo chake kama kilivyoandikwa pale chini, nikaendelea, nikasimama tena kueleza lingine. Ukurasa uliisha kimya. Nilisikia kikausha nywele cha chumba cha mbele.

Basi akasimama yeye. Hadithi hakuigusa. Alifungua mwishoni mwa sura, akakunja uso kama mwalimu mwenye kiboko, akasoma taratibu: "Swali la kwanza. Chifu ni kiongozi mwenye huruma. Thibitisha kwa hoja nne." Chumba kizima kilianguka kwa kicheko. Kila mmoja wetu aliwahi kukaa kwenye dawati akizitafuta hoja hizo, na ubaya ni kwamba tulizipata. Dada mmoja aliyesukwa nusu kichwa akasema kwamba yeye alitoa tano na mwalimu akamsifu mbele ya darasa. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Ndugu yule aliponiona nimenuna aliniegemea akasema, "Kaka, chako ni kizuri, hata mimi nakitamani. Lakini hiki kiko kwa kila nyumba, na hakuna aliyewahi kukicheka."

Nilirudi nyumbani nikajaribu sauti ile ya mwalimu mbele ya kioo. Dada yangu akaniuliza kama nimeshikwa na mafua. Siku ya ukumbi alisoma yeye, na tangu hapo tukipita sokoni pamoja watu walimwita "Mwalimu" kutoka vibandani, yeye na vumbi lake la simiti, huku mimi nikisalimiwa kama mtu aliyemsindikiza. Hata juu kule Mghange, siku ya mazishi, ukungu ukiwa umelala juu ya kabeji, mama yake alitusimulia jinsi mwanawe alivyokuwa akiwatahini mbuzi zake utotoni, akacheka huku leso iko machoni, nasi tukacheka naye. Nikajiuliza mimi nikifa nani atacheka hivyo. Ndiyo, nilimwonea wivu hata jeneza lake.

Jumamosi iliyopita tulikaa tena. Vijana wa Kishushe wametualika tukawasomee kitabu kilekile, na ilibidi tuamue tubebe toleo gani. Kabla sijamaliza kufungua mdomo wote walishakubali langu, kwa upole, kama unavyompa mfiwa kiti. Mwenyekiti akasema basi tumemaliza. Nilingoja furaha ije, haikuja. Nikasimama nikaanza kulisemea toleo la shule: kwamba Kishushe magari ni machache na duka la vitabu hakuna, lakini nyumba yenye mtoto aliyefanya mtihani haikosi kile chembamba, kwamba maelezo yangu ya chini ni mwalimu mwingine tu, na watu wale wamechoka kufundishwa.

Mwenyekiti akanitazama. "Si wewe uliyesema kile kimehasiwa?"

"Na bado nasema," nikamjibu. "Lakini mwenyewe hayupo, na hakuna aliyemsemea."

Wakabishana kweli sasa, kama zamani, hadi ikabidi tupige kura. Tunafanya kosa hili kila mahali, kwenye vikundi, kanisani, hata kwenye kuchagua viongozi: mtu akiondoka tunamzika na hoja zake kaburi moja, kisha kinachobaki bila mpinzani tunakiita bora. Mimi bado naamini toleo langu ndilo bora. Lakini nimejifunza kwamba siwezi kulijua hilo mpaka mtu anipinge kwa nguvu zake zote, na kama hayupo, inabidi nimpinge mimi kwa niaba yake. Toleo langu lilishindwa kwa kura moja, nayo ilikuwa yangu. Amenishinda mara ya pili, ndugu yule, na safari hii hata kikaoni hakuja.