Nadhiri ya Wagiran

Mgombea urais mwenyewe, Daktari Wiryatmo, hakuwahi kukanyaga wilaya ile, lakini Wagiran mfyatua vigae alimwita "Daktari wetu" utadhani wamelelewa nyumba moja. Picha yake aliibandika mlangoni, kwenye tanuri, hata juu ya banda la bata. Kwenye kibanda cha kahawa watu waliacha kumwuliza habari za vigae, maana jibu lilizunguka weee mpaka likamfikia Daktari.

Wa kumchokoza hakukosekana. Pardi, rafiki yake tangu utoto, alikuwa upande wa pili, na siku moja alimbana mbele ya watu.

"Maneno matupu hayo, kaka. Wenzako wameweka nadhiri. Mmoja atanyoa kipara, mwingine atakwenda Jakarta kwa miguu. Wewe unatoa nini?"

Wagiran akatua kikombe. "Daktari akishinda, namwachia huru tetere wangu."

Kila mtu pale kibandani alimjua tetere yule. Alilelewa tangu kinda na Suminten, mke wa Wagiran. Kila asubuhi Wagiran alivuta kamba, tundu likapanda juu ya mlingoti wa mwanzi, tetere akaimba, na Suminten akamjibu kwa mluzi huku akipepeta mchele. Kisukari kilipomchukua Suminten, tetere hakuacha. Aliimba, akanyamaza kidogo kungoja jibu, kisha akaimba tena. Katika ule ukimya mfupi Wagiran alimsikia mkewe, na sidhani kama kulikuwa na kitu kingine kilichomtoa kitandani. Basi nadhiri yake haikuwa mzaha. Alitoa alichokuwa nacho.

Binti yake Ratmini alipopata habari alikuja mbio kutoka kwa mumewe, akamsihi baba yake ajirudi, Mungu hahitaji ndege wa marehemu mama ili ahesabu kura.

"Huyo Daktari hata jina lako halijui, Baba."

Wagiran alimjibu kwamba nadhiri ikishatamkwa haimezwi, akamkaribisha chai.

Siku ya kura alichovya kidole kwenye wino, akarudi nyumbani kifua mbele, akawasha televisheni kwenye banda la vigae, majirani wakajazana. Ilikuwa saa ya zile hesabu za haraka zinazotolewa kabla ya hesabu yenyewe, na mwaka ule kila kituo kilikuwa na tajiri wake, na kila tajiri na mtu wake. Wagiran alitazama kituo kimoja tu, cha swahiba wa Daktari. Vingine vyote kwake vilikuwa vya waongo. Kituo kikasema Daktari amepita. Wagiran akasujudu palepale kwenye udongo mbichi wa vigae, akainuka na paji la uso limejaa tope, analia kwa furaha, akaenda kwenye mlingoti na watu nyuma yake.

Pardi alimshika mkono. "Subiri kwanza, kaka. Kule kwingine wanasema vingine. Ngoja tume itangaze."

"Unaumia, Pardi. Unaumia tu."

Akashusha tundu, akafungua. Tetere alisimama mlangoni, hajui anatakiwa afanye nini, mpaka Wagiran alipomsukuma taratibu kwa kile kidole chenye wino. Akaruka hadi kwenye mfenesi wa jirani. Watu wakapiga makofi.

Magharibi, watu walipokwishatawanyika, tetere alirudi. Alitua juu ya tundu lake, akaimba, akanyamaza akingoja. Moyo wa Wagiran ulimruka kwa furaha, na mkono ulikuwa umeshafika kwenye kamlango. Ndipo alipoikumbuka nadhiri. Akimpokea, atakuwa amemnyang'anya Mungu alichokwisha kumpa, na Mungu naye atautwaa ushindi wa Daktari. Akapiga makofi kumfukuza. Tetere akahamia paani, akarudi. Wagiran akaokota donge la udongo.

Tume ilipotangaza, Daktari alikuwa ameshindwa, tena vibaya. Wagiran alikwenda kwa imamu kuuliza habari ya nadhiri yake. Imamu, mtu mpole, alimweleza kwamba nadhiri ile ilifungwa kwenye ushindi, na ushindi haukuwapo, kwa hiyo hakuwa na deni lolote. Ndege alikuwa wake muda wote. Alisema hivyo ili kumfariji, na afadhali angempiga kofi. Tangu hapo Wagiran alipandisha tundu tupu kila asubuhi, mlango wazi, uwele ndani. Shomoro wa kijiji walinenepa.

Kisha asubuhi moja televisheni ya kibandani ikamwonyesha Daktari akiapishwa kuwa waziri katika serikali ya mtu yuleyule aliyemshinda. Wawili hao walikumbatiana, wakacheka.

"Haya, Daktari wako kaingia serikalini," Pardi akasema. "Kwa mlango wa jikoni, lakini kaingia. Nadhiri yako si haba, kaka."

Watu wakacheka. Wagiran alikitazama kidole chake, ambacho wino ulikuwa umekwishatoka.

"Alirudi, Pardi."

"Nani?"

"Tetere. Jioni ileile, mwenyewe. Akakaa juu ya tundu, ananingoja nimjibu. Nikamtupia donge la udongo, likampata."

Pardi akarudisha kipande cha tempe, ile soya ya kukaanga, sahanini. Kwenye televisheni Daktari alikuwa bado anacheka, mpaka mtu mmoja alipoinuka akaizima.