Salamu Zangu Mbele ya Kamati ya Bajeti

Leo nimemaliza dakika zangu mbili za kuzungumza katika bunge la jimbo letu, mjini Saint Paul, kwa kusalimu watu.

Msinicheke bado.

Chama kimoja kinataka kupunguza kodi kwa kubana fedha za nyumba za wazee, kama hii ninayoishi mjini Anoka. Nilikwenda kupinga. Mpwa wangu Wanjiru, mfanyakazi wa nyumba hii, alisukuma kiti changu cha magurudumu.

Nikamsalimu mwenyekiti. Nikasalimu chama hiki, nikasalimu kile.

“Muda umekwisha,” mwenyekiti akasema.

Wanjiru akaninong’oneza, “Mjomba! Si ni kazi yangu itakayopotea!”

Mbunge wa chama kile cha kupunguza kodi akauliza, “Ulitaka kusema nini?”

“Nakaribia kufa. Huyu ndiye huniogesha. Mkimwondoa, nani kati yenu atakuja?”

Mwenyekiti akamwita anayefuata.

Kura ni kesho. Naungama: hata leo, nisingeweza kuwaomba kabla ya kuwasalimu.

Wanjiru hanisemeshi. Ningemwambia nini?