Kanda Isiyo na Salamu

Ipo siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu Neema. Ni siku Mama Mulenga alipotua beseni lake la dagaa mbele ya kibanda changu, akasikiliza kanda niliyoirekodi kwa majivuno yangu yote, kisha akakataa katakata kuibeba. Nimeikumbuka juzi, baada ya kusikiliza mazungumzo yako na yule kijana wa pwani. Tulia basi nikusimulie. Wewe ndiye unayekaa na watu saa nzima ukiwasikiliza, leo ni zamu yangu kusikilizwa, na wala sina haraka, maana maharage ninayochambua hapa ni debe zima.

Kwanza nikupe hongera. Nilipoambiwa umehamia mji wa baharini na kazi yako ni kuzungumza na vijana wanaosimama juu ya ubao na kubebwa na mawimbi, nilicheka hadi mama yako akanuna. Sisi huku Tunduma tunajua vumbi, tope na foleni ya malori. Nikajiuliza, mtu mzima anasimama juu ya maji ili iweje? Lakini ulipoanza kunitumia mazungumzo yenyewe, nikawa naiweka simu juu ya gunia na kuwasikiliza wote: yule msichana aliyejifunza mawimbi kwa kumficha baba yake, yule mama wa mihogo ya kukaanga anayewatunzia nguo wakiwa majini, na yule fundi anayeziba mbao zilizopasuka na kuwasema vijana huku akiziba. Sasa nawajua kama majirani zangu. Nimefurahi sana, mwanangu, nakwambia wazi.

Ila umeniuliza jambo. Umesema mwenzako Denisi, anayekusaidia kuyapunguza mazungumzo kabla hujayatoa kwa watu, anataka kukata sehemu yote ya mwanzo ya mazungumzo na Saidi. Eti dakika zile hazina kitu, Saidi anawataja tu watu wa kwao na kuwasalimia, na wasikilizaji wa siku hizi hawana subira. Eti aanzie kwenye wimbi kubwa na mashindano. Ukaniuliza, "Bibi, nikate au nisikate?"

Basi ndipo Mama Mulenga akanirudia.

Nilikuwa bado msichana, sijaolewa. Kaka yangu alirudi kutoka migodini Zambia na redio kaseti kubwa ya kurekodia, akaiweka kwenye kibanda chetu karibu na mpaka, na mimi nikawa ndiye mwenye kuishika. Wakati huo hakukuwa na simu za mkononi. Familia nyingi za Mbozi na Momba zilikuwa na watoto wao Kitwe na Ndola, na wazee wengi hawakujua kuandika. Basi walikuja kibandani, wakakaa kwenye kigoda, wakasema mbele ya redio yale waliyotaka kuwaambia watoto wao. Kanda moja ilibeba maneno ya familia kadhaa. Mama Mulenga, mfanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, aliipeleka kwa treni pamoja na dagaa na mchele wake. Kule Kitwe watu wetu walikusanyika nyumba moja Jumapili baada ya ibada, kanda ikawekwa, kila mmoja akangoja sauti ya kwao.

Tatizo langu lilikuwa salamu. Unawajua wazee wetu. Mtu anatoka Msangano na jambo dogo kabisa, lakini kabla hajalifikia atasalimia mlango kwa mlango, atakwambia nani anakusalimu, ng'ombe gani amezaa, mvua imefikia wapi, na upande mzima wa kanda umekwisha. Familia nyingine zinabaki nje zinanung'unika. Nami nikajiona mjanja. Nikaweka utaratibu wangu: sema jambo lako kwanza, salamu utatoa mwishoni kama nafasi itabaki. Bila shaka nafasi haikubaki hata siku moja.

Siku hiyo akaja Mzee Nzunda wa Ihanda, mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache na kofia ambayo haikumtoka kichwani ila kanisani. Habari zake zilijulikana. Mwanawe wa pekee wa kiume, Yoramu, alioa Kitwe mwanamke wa Kibemba, na mzee alikuwa ameshamchagulia binti wa Itaka. Akakasirika, akasema mwanamke huyo hamjui na hatamjua. Tangu hapo Yoramu hakukanyaga Ihanda, na jina la mke wake halikuwahi kutoka kinywani mwa mzee. Sasa mtoto alikuwa amezaliwa kule, na macho ya mzee yalikuwa yanaingia ukungu, mwaka hadi mwaka yanazidi. Alitaka kumwona mjukuu wake kabla hayajafunga kabisa. Hilo tu ndilo lililomleta.

Akakaa kwenye kigoda, akakohoa, akaanza, "Yoramu, mwanangu, habari za huko..."

Nikamkatiza. "Baba, samahani. Nafasi ni ndogo. Sema jambo lenyewe."

Aliniangalia kwa yale macho yake mazito, halafu akatii. Akasema, "Yoramu, njoo nyumbani. Macho yangu yanakwisha. Mlete mtoto nimwone." Nikabonyeza kitufe, nikamsifu kwamba laiti wote wangekuwa kama yeye. Akaondoka polepole kwenda dukani kwa rafiki yake kungoja gari la kurudi Ihanda.

Mama Mulenga alipofika kuchukua kanda, alidai kuisikiliza kwanza kama kawaida yake, kwa sababu hakuwa mtu wa kuvusha mpakani kitu asichokijua. Akasikiliza wa kwanza, akasikiliza wa pili. Ilipofika sauti ya Mzee Nzunda, alishika mdomo.

"Nani amekufa, mukwai?" akauliza kwa adabu ya Kibemba.

"Hakuna aliyekufa, mama. Mzee anamwita mwanawe."

"Awe, hapana! Mtu anaita mwanawe bila kumsalimia?" Akaikunja chitenge yake vizuri kiunoni, na hapo nilijua nitasemwa. "Sikiliza, mdogo wangu. Kwenu na kwetu ni kitu kimoja. Ujumbe unaoruka salamu ni wa msiba. Yule kijana atasikia hii mbele ya watu wote waliojaa sebuleni. Atajua mama yake amekufa na baba anamficha. Au atajua baba yake bado ana hasira, hawezi hata kumwuliza ameamkaje. Unataka nimpelekee hiyo? Mimi siibebi."

Nikajitetea. Nikamweleza habari ya nafasi, habari ya familia zinazonung'unika, nikamweleza hata bei ya betri. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole ambao uliniuma kuliko ukali, "Unadhani salamu ni mlango tu wa kupitia. Watu wanakaa humo ndani, mdogo wangu. Mwite mzee wa watu."

Nilikimbia nikampata mzee bado anangoja gari. Akarudi bila kuuliza mengi. Nikafuta yale maneno yake, nikarekodi upya, na safari hii Mama Mulenga alikaa hapohapo kwenye gunia lake la mchele.

Mzee Nzunda alianza kama walivyoanza baba zake. Akamwuliza Yoramu ameamkaje, kazi inaendaje, kifua kinamsumbua tena au kimepona. Akamwambia mama yake anamsalimu, dada yake Tabita anamsalimu, jirani wa ng'ambo ya kijito anamsalimu na bado hajarudisha jembe. Akasema kahawa ya bondeni imezaa vizuri mwaka huu. Nilimwona akilegea mabega. Alikuwa anatembea nyumbani kwake mwenyewe, chumba hadi chumba, na mwanawe yuko naye.

Kisha zamu ya upande wa pili ikafika. Unajua desturi: ukishatoa salamu za kwako, unawasalimu walioko huko, wote wanaolala nyumba ile, na humruki mtu. Akasema, "Na mtoto huyo ambaye sijamwona, namsalimu."

Hapo akakwama. Katika nyumba ile alikuwa amebaki mtu mmoja tu ambaye hajasalimiwa. Kanda ilizunguka, inavuma tupu. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitufe, maana nilizoea hivyo, mtu akinyamaza nazima. Mama Mulenga akauweka mkono wake juu ya wangu, akaushika.

Mzee akavua kofia.

"Na mama yake," akasema. "Bwalya. Mkwe wangu. Bwalya, mkwe wangu, nakusalimu. Umeamkaje huko?"

Baada ya hapo akalitaja jambo la macho, kwa maneno yaleyale aliyoyasema mwanzo. Alipomaliza alivaa kofia yake, akaniaga, akaenda zake. Mimi nililia, sikufichi. Mama Mulenga akaifunga kanda kwenye kitambaa, akaisokomeza katikati ya mchele.

Walikuja wote watatu, mvua zilipokatika. Treni iliwashusha, wakapita kibandani kwangu kuuliza gari la Ihanda. Nikapanda nao, umbea umenizidi, nisikudanganye. Nilikuwepo Bwalya alipopiga magoti uani na kupiga makofi taratibu kama wanavyosalimu wakwe kwao. Mzee alimpokea mtoto, akamsogeza hadi pua zikagusana, ndipo akaweza kumwona. Akasema, "Masikio ni ya kwetu." Watu wakacheka, na mama yake Yoramu akaanza kuimba.

Njiani nilikuwa nimemwambia Yoramu, "Afadhali umekuja, macho ya baba yamebaki kidogo." Akanijibu kwamba habari ya macho alikuwa nayo muda mrefu, wasafiri walishamwambia, na hakuja. Akasema siku ile ya kanda Bwalya alikuwa jikoni kwa wenyeji, maana hakuwahi kuwa na sababu ya kukaa na wanaosikiliza. Aliposikia jina lake aliacha sufuria motoni, akaja akakaa chini mbele ya redio, akaomba irudiwe. "Ikarudiwa," akasema Yoramu, "hadi ugali ukaungua. Tulianza kufunga mizigo usiku uleule."

Sasa turudi kwa Saidi wako. Nimeyasikiliza mazungumzo yale mara ya pili nikiwa na sikio la Mama Mulenga. Katika hizo dakika za Denisi zisizo na kitu, Saidi anamsalimu mama yake, anawasalimu wasichana anaowafundisha kusimama kwenye ubao, anamsalimu fundi wa mbao. Halafu anasema, "Na kaka yangu Hamadi, popote alipo." Ananyamaza. Na wewe mwanangu, hapohapo ukamwuliza habari ya mashindano.

Hukusikia, eh? Sikulaumu, nami nilikuwa na kitufe changu. Lakini kijana huyo ameeleza wimbi kubwa vizuri sana, kwa sababu ameshalieleza mbele ya wengi. Habari ya Hamadi hajamweleza mtu. Alikufungulia mlango kidogo akangoja kuona kama utaingia.

Kwa hiyo ninalokwambia ni hili. Usikate salamu za mtu. Anayewataja watu wake mwanzoni hapotezi muda wako, anakuonyesha anakaa na nani, na mara nyingi lile linalomuuma au kumfurahisha kuliko yote amelikalisha pale katikati yao, kimya. Akinyamaza, mwache anyamaze, uushike mkono wako usiende kwenye swali lingine. Rudi kwa Saidi, bila mashine kwanza. Kula naye mihogo. Mwulize Hamadi ni nani. Akitaka kukwambia atakwambia, na asipotaka, utakuwa umemsalimia ndugu yake, hiyo nayo si haba. Wanaotaka wimbi peke yake wataruka wenyewe wakifika. Wengine, kama mimi mwenye maharage, tutabaki.

Mungu akutangulie katika kazi hiyo, akupe masikio kuliko maneno, na bahari ya huko ikuzoee kama tulivyokuzoea sisi. Mama yako anakusalimu, amekwisha kununua kahawa ya kukutumia. Mjomba wako anakusalimu, mguu umepona. Hata malori ya hapa nje yanakusalimu, bado yako palepale.

Nawe unisalimie wenyeji wako. Msalimie Saidi na mama yake, wale wasichana wa mawimbi, mama wa mihogo, na fundi, mwambie apunguze maneno. Msalimie Denisi, sina ugomvi naye.

Na Hamadi, popote alipo, mwambieni kuna bibi huku Tunduma anamwuliza ameamkaje.