Pedali ya Njano ya Solo

"Mama, hebu niambie ukweli. Huyo shemeji yako siku hizi mbona anaingia msalani na mfuko?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo tulipokuwa tunaanika nguo, kila mtu upande wake wa ua. Nikacheka, nikamwambia labda amebeba sabuni. Akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Sabuni gani ina waya unaning'inia?"

Nikaanika shuka jingine. Kilichomo mfukoni nilikijua, lakini mambo ya nyumba ya mdogo wangu si ya kuanikwa pamoja na mashuka.

Mume wa mdogo wangu ni fundi cherehani. Chumba chao cha mbele ndicho duka: cherehani dirishani, meza ya kukatia, kioo kilichopasuka pembeni, na nyuma ya mlango vifuko vya vipande vya kitambaa vilivyobaki, kila kifuko na jina la mteja. Hurudisha hata kipande kisichotosha kufunga kidole. Zamani mama mmoja alimshutumu mbele za watu kwamba amemwibia kitambaa, na tangu hapo jeraha hilo halijapona. "Mimi si wa kuiba vipande," husema, hata kama hujamuuliza.

Ila hakuna anayemwita fundi. Tunamwita Solo, kwa sababu tangu ujana anapiga gitaa la solo, kwanza kwenye bendi ya hotelini, na alipompokea Bwana, kwenye kwaya yetu. Kwenye bendi alitoka na vitu viwili tu, gitaa lake na kiboksi cha chuma cha njano cha kukanyaga kwa mguu, kile wapigaji wanachokiita pedali. Gitaa likipitia humo, sauti yake inapata mkwaruzo, kama mtu mzima anayeimba baada ya kulia. Rangi imebanduka pale mguu unapotua. Kwetu sisi kilikuwa chombo cha kazi, kama pasi, kikikaa sebuleni watoto wanakiruka.

Siku moja kibonyezo chake kiligoma. Solo akakipeleka kwa fundi redio, rafiki yake wa miaka mingi, ndiye anayetutunzia vipaza sauti kanisani. Fundi akakitengeneza, akakirudisha mwenyewe hadi nyumbani, hata maji hakunywa. Kikawekwa rafuni.

Kabla Solo hajakigusa, akaja mnunuzi, nami siku hiyo nilikuwa pale. Alikuwa mtu wa viatu safi na sauti ya upole, anazunguka kukusanya vyombo vya muziki vya zamani, na hotelini walikuwa wamemtajia Solo. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akakipokea kiboksi kwa mikono miwili kama anapewa mtoto mchanga.

"Vipya viko tele," akasema. "Watu wanatafuta hivi vya mwanzo. Vifundo vilevile, skrubu zilezile, rangi ileile. Hata hapa mguu ulipokwangua ni mali. Ukikipaka rangi, umekiua."

Mdogo wangu akamtupia jicho mumewe, maana rangi alikwisha kuinunua.

Mnunuzi akakigeuza. Uso ukabadilika. "Nani amekifungua?"

"Fundi tu. Kibonyezo kiliharibika."

"Ahaa." Akaipapasa skrubu iliyokuwa na mkwaruzo mpya. "Ndani kuna kidude cheusi chenye miguu kama mdudu. Cha zamani hakitengenezwi tena. Kuna mafundi wanakitoa, wanaweka kipya. Kwa nje huoni kitu."

"Si ukifungue basi tuone," mdogo wangu akasema.

"Mama, siku hizi hata maandishi ya juu yake yanaigwa. Mimi huamini sikio la mwenyewe. Hebu kipige, bwana. Kiko vilevile?"

Solo akachomeka waya wa gitaa, akakanyaga, akapiga. Sauti ikatoka kali, inang'aa kama sufuria mpya. Mkwaruzo ulikuwa mdogo, wa juujuu. Akarudia. Akarudia tena. Nikaona jasho linamtoka puani.

"Hii siyo sauti yake," akasema.

Mnunuzi akatikisa kichwa kwa huruma. Alisema yuko tayari kukichukua hivyohivyo, kwa bei ya kusaidiana, akirudi safari yake. Mimi mwenyewe huruma ile haikunikaa vizuri.

Tangu saa hiyo nyumba ikapoteza amani. Solo alikitia kiboksi mfukoni haraka, na waya wake umechomekwa vilevile, akawa hakipigi wala hakiachi, kazini, mezani, hadi huko msalani alikoonwa. Mdogo wangu akifuta vumbi, anaulizwa anatafuta nini. Wateja wakikohoa, Solo anageuka.

Baada ya mazoezi ya kwaya akamsimamisha fundi redio mlangoni pa kanisa, watu wote tunasikia.

"Rudisha kidude changu."

"Kidude gani, kaka?"

"Unakijua."

"Solo, mimi nimebadilisha kibonyezo tu."

"Mwizi naye husema amepita tu."

Fundi hakugombana. Alifuta mikono kwa kitambaa chake, akaweka ufunguo wa stoo ya vyombo juu ya ngoma, akaondoka. Jumapili zilizofuata spika zilipiga mluzi huku mchungaji anahubiri upendo. Niliomba Mungu aingilie kati, kwa sababu wawili wale walisimamiana harusi, na sasa mmoja akimwona mwenzake, anavuka barabara kumkwepa.

Siku ambayo mnunuzi alikuwa anarudi, nilikuwa dukani kwa Solo na gauni langu la kupanuliwa. Alikuwa amekata shauri kuuza. Akakitoa kiboksi mfukoni.

"Nikiage," akasema, akachukua gitaa, akakanyaga.

Ikatoka ile sauti. Ile yenyewe, nzito, yenye kwikwi. Mkono wangu ukasimama hewani na pini.

Solo akaruka kama ameguswa na umeme. "Nani amekirudisha?"

"Angekirudisha nani," mdogo wangu akajibu, "na wewe unaoga nacho?"

"Mtu ameingia humu!"

"Mtu ameingia wapi? Tazama taa yake. Inafifia kama siku zote. Shida yako ni betri, mume wangu."

Solo akainama kuitazama taa. Niwaeleze hapa: kila Jumapili kipaza sauti cha mchungaji huwekwa betri mpya, na iliyochoka hupewa Solo. Huiweka dirishani ipate jua, kisha huitia kwenye pedali hadi ife kabisa. Katika miaka yote ya kwaya hajawahi kuipa betri mpya.

Akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na betri nyekundu. Za kanisa ni za bluu.

"Hii siyo yetu," akasema taratibu.

"Basi fundi alikuwekea mpya," nikasema. "Akaona ni jambo dogo, hakulitaja."

Sauti kali aliyoishutumu ilikuwa ya betri iliyoshiba. Na waya ukiwa umechomekwa, pedali hula betri hata isipopigwa, jambo ambalo Solo mwenyewe huwakaripia wanakwaya kila siku. Ameitembeza mfukoni mpaka ikachoka, ndipo sauti yake ikarudi. Akakaa kwenye kigoda, akawa anavitazama vile vifuko vya vipande nyuma ya mlango.

Mnunuzi alibisha muda si mrefu. Solo akamwambia, "Uliuliza kama kiko vilevile. Kiko vilevile."

Hapohapo mtu yule akapandisha bei, bila hata kuomba kusikia. Mdogo wangu akanikonyeza. Solo akasema hauzi, akamsindikiza hadi nje, akakiacha kiboksi juu ya meza ya kukatia bila kukifunika.

Akavaa koti. Akafika mlangoni, akarudi. Akalivua, akalivaa tena. Kisha akanigeukia, macho yakiwa chini:

"Shemeji, naomba twende wote kwa fundi. Hodi ubishe wewe. Akisikia sauti yangu hatafungua."