Mchi Mkononi mwa Mwenye Mpunga

Nakumbuka siku moja nilifunuliwa mdomo mbele za watu, kidole cha mwanamke mwenzangu kikapita juu ya ulimi wangu na nyuma ya meno, namna mnunuzi anavyomkagua mbuzi sokoni. Alikuwa anatafuta mchele. Hakuupata, na bado aliniita mwizi. Sijakusimulia habari hii, mwanangu Ramazani, kwa sababu haina utamu. Lakini jana ulirudi kutoka kwenye kibanda chako cha kutengenezea pikipiki, kule mtaa wa Kasuku, umenuna, ukatupa spana zako chini ya kitanda, ukasema yule kijana wa pikipiki amekutangaza kwa wenzake wote kwamba umemnyonyea mafuta kwenye tangi. Ukasema kibanda hufungui tena, unakwenda zako Lubutu kuanza upya. Nikakupakulia ugali. Mtu mwenye hasira ni wa kupewa chakula kwanza. Leo umekula, umelala, basi kaa hapa, na usiniambie "bibi, fupisha", maana nikifupisha napoteza njia.

Ilikuwa wakati wa vita. Treni haikufika tena hapa Kindu, na mafuta ya mashine yalibaki jina tu. Ile mashine ya kukoboa mpunga, karibu na mto, ikanyamaza, na mwenyewe akakimbia. Sisi wanawake tukaingia chini ya bati lake na vinu vyetu, tukawa mashine. Watu walileta mpunga, tunatwanga, tunapepeta. Mchele mzima ni wa mwenyewe, chenga na pumba ni zetu. Hayo ndiyo yalikuwa malipo, na kwa chenga zile watoto wetu walikuwa hai.

Nikifumba macho naiona asubuhi ya siku zile, na wallahi siku nyingine sijui kama naikumbuka au naiota. Ukungu umelala juu ya mto, juu ya Lualaba, ng'ambo haionekani. Tunaanza kutwanga, na sauti ya michi inakwenda juu ya maji, inagonga huko, inarudi imechelewa kidogo, hata unadhani ndani ya ukungu kuna wanawake wengine wanaotwanga kama sisi. Nilikuwa nikijiuliza, hao wa ng'ambo wanatwanga mpunga wa nani? Halafu jua linapanda, linapenya kwenye matundu ya bati, na vumbi la makapi linaelea kwenye mwanga polepole, halina haraka ya kutua. Linatukaa kwenye nywele, kwenye kope. Tulizeeka sote kila asubuhi, na mchana tukioga mtoni tunarudi vijana. Katikati yetu ile mashine imesimama kimya, ina vumbi kama sisi. Bunduki zilikuwa zinasikika mbali, upande wa msitu, lakini ukiwa ndani ya mdundo ule ulizisahau.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana hapo ndipo penye jambo. Njaa ilikuwa kali, na mwenye njaa hana miiko. Kila aliyeleta mpunga alijua kwamba anayetwanga na yeye hajala. Kwa hiyo wenye mpunga walitutaka tuimbe. Kinywa kinachoimba hakitafuni, walisema. Ukishika mchi unaanza wimbo, na huunyamazishi mpaka mchele umepimwa. Aka, tuliimba sisi! Tuliimba za harusi, za kulelea watoto, tukimaliza tunatunga za kuwasema wenye mpunga wenyewe, nao wamekaa pale wanacheka hawajui ni wao. Mmoja tu ndiye aliyesamehewa kuimba, Bibi Mwamini, mkubwa wetu, mwenye kinu kikubwa kuliko vyote. Hakuwa na jino hata moja. Nani angemshuku anatafuna mchele mbichi?

Siku hiyo mama yako mdogo Zaituni, wakati ule bado ananyonya, alikuwa mgongoni mwangu na homa. Joto lake lilipita nguo mbili, likanifika kwenye uti wa mgongo. Sikuwa na dawa wala wa kumwachia. Nikamfunga vizuri, nikaenda kazini, maana nisipotwanga leo hatuli leo. Akaja Mama Veronika, mwanamke wa Lokandu, ameshuka mtumbwini na vikapu viwili vya mpunga. Watoto wake walikuwa wamejificha hapa mjini kwa dada yake. Alikuwa amekondeana mpaka kitambaa cha kichwa kinamlegea. Vikapu vyake vilijaa hadi juu, vizuri kutazama. Akanipa kikapu cha kwanza, akakaa mbele yangu, macho hayapepesi.

Nikaanza kuimba. Nikatwanga, nikaimba, na katikati ya wimbo nikaona mgongo wangu umetulia. Mtoto alikuwa akilialia kidogo kidogo tangu asubuhi, sasa kimya. Weee, mwanangu, usiombe kuujua ukimya ule. Nikanyamaza ili nisikie kama anapumua. Mikono ilikuwa inatwanga yenyewe, masikio yote yako mgongoni.

"We mama!" Mama Veronika ameruka kwenye kigoda. "Kwa nini unanyamaza? Kinywa yako iko na nini ndani?"

"Haina kitu, mama. Mutoto iko mugonjwa. Ninasikiliza pumuzi yake."

"Fungua nione!"

Ndipo kidole kikaingia. Hakuona kitu, akasema nimemeza. Akanifungua nguo, akatafuta kwenye mikunjo, Zaituni akatolewa pale mbele za watu, analegea, lakini anapumua, alhamdulillahi, anapumua. Basi nikadhani yamekwisha. Kumbe bado. Tulipopepeta, mchele wa kikapu kizima ukawa mchache sana, hata makopo mawili haukufika, na chenga kidogo. Makapi ndiyo yalikuwa mlima. Mama Veronika alitazama ungo, akanitazama mimi, akaanza kupiga kelele: mwizi, mwizi, mwizi.

Unajua nilichoogopa? Si kipigo. Ukiitwa mwizi kwenye vinu, imekwisha kwako. Hakuna wa Kindu wala wa Lokandu atakayekupa mpunga wake tena. Nami sikuwa na shamba, mume wangu alikuwa msituni sijui hai sijui maiti, na mtoto ni huyu mikononi. Lisemwalo lipo, watu husema, na nilishaona macho ya wenzangu wengine yanaanza kunikwepa. Wenzangu hao, tuliokuwa tukigawana chumvi!  Nikamfunga mtoto mgongoni kwa hasira, nikasema moyoni, naondoka, sirudi mahali hapa mpaka nife.

Bibi Mwamini akainuka. Alikuwa mfupi, na alitembea kama mtu asiyekwenda popote. Akamshika Mama Veronika mkono.

"Mama, acha kelele. Hiyo neno, wenye bunduki wakiisikia, hawaulizi mwizi njo nani. Kikapu ya pili ingali. Shika muchi. Twanga wewe mwenyewe, sisi tutakaa mbali, kila muntu anaona mikono yetu."

Halafu akanigeukia mimi, ambaye nilishafika kwenye mlango. "Na wewe unakwenda wapi? Keti."

Nikaketi. Wanawake wote tukakaa ukutani, mikono juu ya magoti. Mama Veronika akashika mchi wangu. Alikuwa mkulima, anajua kutwanga, lakini hakuimba, na nani angemwambia aimbe, mpunga ni wake. Chini ya bati lile hapakuwa na sauti nyingine ila kinu kimoja. Makapi yakapanda, yakaelea kwenye ule mwanga, yakapanda tena, mengi, mengi mno, mpaka yeye mwenyewe hatumuoni vizuri, tunaona kitambaa cha kichwa kinainuka na kushuka ndani ya vumbi la dhahabu. Sijui alitwanga muda gani. Kwangu mimi bado anatwanga.

Akapepeta mwenyewe. Ukatoka uleule mchache, pengine pungufu ya wa kwanza.

Hakuna aliyecheka. Sote tulielewa sasa, na naamini yeye alijua tangu shambani. Mpunga ule ulivunwa mbichi, punje bado maziwa. Wenye bunduki walikuwa wanashuka kwenye mashamba ya Lokandu kula ya watu, naye akaona bora akate kabla hawajafika. Akaanika, ganda likakauka, likajaa kikapu, ndani hamna kitu. Mkulima wa huku kwetu Maniema asiyejua kwamba mpunga wa maziwa hauna mchele hajazaliwa. Lakini mtu anaweza kujua jambo na akakataa kulijua.

Alikaa chini, ungo kwenye mapaja. Akasema taratibu sana, "Kumbe hakuna mwizi." Alisema kwa huzuni, mwanangu, kama mtu aliyefiwa. "Mwizi ungemukamata, angerudisha. Sasa hii nitamudai nani?"

Na mimi? Ungedhani nilifurahi. Nilisimama na kiburi changu chote, nikamwambia chenga zako sizitaki, kula wewe. Nikajiona mkubwa kweli. Hapo ndipo Bibi Mwamini alinikemea, na kemeo lile ndilo ninalokuletea leo.

"Okota chenga zako."

"Sizitaki, bibi."

"Nani amekuuliza kama unazitaka? Ulitwanga ao hukutwanga? Leo ukiziacha, kesho watasema: aliziacha kwa sababu alishiba za kinywani. Haki yako ukiikimbia, inabaki nyuma inakusema vibaya. Okota!"

Nikaokota, machozi yananidondoka kwenye mchele. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na siku nyingine mnyonge mwenyewe ndiye anayeinyima nafsi yake. Nilipomaliza, yule mzee akashusha sauti. "Sasa hizi njo zako. Ukitaka kula na mutoto wako, kula. Ukitaka kumupa muntu, mupe. Lakini muntu hatoi kitu asichokuwa nacho."

Nilizishika zile chenga. Zilikuwa ndogo, zinaingia kwenye kiganja na nusu. Nilimtazama yule mwanamke aliyeingiza kidole kinywani mwangu, na nakwambia kweli, sikumpenda. Sikuwa mtakatifu. Lakini nilimwambia, "Nenda kawaite watoto wako." Bibi Mwamini akaongeza za kwake, mwingine za kwake, tukawasha moto nje, tukapika uji mwepesi unaoonyesha chini ya sufuria. Watoto wale walikunywa huku wamefumba macho. Mama Veronika hakuniambia samahani, neno hilo sijalisikia mpaka leo. Alinyoosha mikono tu, ananiomba mtoto. Mteja mwingine alikuwa anangoja, nami nilikuwa nimechoka mgongo. Nikampa Zaituni. Akamfunga mgongoni mwake, akatembea naye kando ya mto huku na huko, nami nikarudi kwenye kinu. Jioni homa ikashuka. Siku zilizofuata, watu wa Lokandu wakishuka mtumbwini walikuwa wanauliza, yuko wapi yule mama wa mtoto mgonjwa? Mpunga wangu atwange yeye.

Basi, Ramazani. Ningeondoka siku ile nilipofika mlangoni, ningekuwa mwizi wa Kindu hadi leo. Mwizi ndiye anayeondoka. Lubutu kuna pikipiki nyingi, ndiyo, lakini jina lako litakutangulia huko, limepakiwa kwenye pikipiki hizohizo.

Usimchukie sana yule kijana. Najua pikipiki si yake. Jioni anapeleka hesabu ya siku kwa tajiri mwenye pikipiki, na mashine yenyewe imezeeka, inakunywa mafuta ya fedha nyingi kuliko anazozipata barabarani. Angependa wewe uwe mwizi, maana mwizi anaweza kulipa. Mashine mbovu italipa nini? Mtu anayekushuku mara nyingi amepoteza kitu kweli. Kitu kimepotea, ila si wewe uliyekichukua. Kwa hiyo usimjibu kwa matusi. Mwite. Mwambie alete mafuta yake kwenye chupa, amimine kwa mkono wake, akae kwenye benchi lako, aione mashine inavyokunywa. Mwenye mpunga akishika mchi, maneno yanapungua.

Halafu, ukimtengenezea, chukua malipo yako. Sikia vizuri hapo, wewe una moyo laini kama baba yako. Usimwachie kwa hasira, wala usimwachie kwa huruma, kabla hujayapokea. Huruma ikitangulia haki, watu husema ni kukiri. Yakiwa mkononi mwako, mnunulie chai, mpe hata yote, hiyo ni juu yako na Mungu wako. Na siku wewe utakapokuwa mwenye mali, fundi akikurudishia pungufu, kabla hujafungua kinywa cha mtu, fungua kikapu chako kwanza.

Mungu akupe mikono ya kazi na uso wa kusimama nao mahali palepale ulipotukanwa. Akulinde na njaa, ya kwako na ya wale wanaokushuku. Wenye kukutilia shaka awape macho, na asipowapa macho, akupe wewe subira ya kungoja. Amina. Sasa toa spana chini ya kitanda kabla hazijashika kutu. Kesho fungua mapema, hata kama wa kwanza kufika ni yeye.